Nani aamue kinachonunuliwa: mwongozo kamili kwa mume na mke wa Dodoma, kuanzia hela ya meza hadi kiwanja

Kochi likishashushwa kwenye kirikuu, mjadala wa kama lilihitajika umepitwa na wakati. Kinachobaki ni kununiana. Ndiyo maana mwongozo huu unahusu zaidi yale yanayofanyika kabla hela haijatoka mfukoni.

Kanuni tunayoifuata ni moja: anayekitumia kitu achague aina, anayetoa hela aseme lini. Hakuna anayeshika yote mawili peke yake. Mke anayepika akisema anataka jiko la gesi la plate mbili, na hela ni ya mume, mume ana haki ya kusema "tusubiri mwezi ujao". Hana haki ya kusema "hili la plate moja linakutosha". Vivyo hivyo mume anayeendesha bodaboda ndiye anayejua tairi gani litamfikisha Nzuguni na kurudi. Kama hela inatoka kwenye akiba ya mke, mke aseme lini, tairi amwachie mwenyewe. Kitu mnachokitumia wote na kukilipia wote mkubaliane wote, hata kama itachukua miezi mitatu.

Anzeni na daftari la mwezi mmoja

Nunueni daftari moja kubwa, mliweke mahali pa wazi, juu ya kabati au kando ya TV. Chora safu tano: tarehe, kitu, kiasi, nani alilipa, nani aliamua. Hiyo ya tano ndiyo wengi huisahau, na ndiyo yenye majibu. Mara nyingi mtaona mmoja analipa sana na kuamua kidogo, au mwingine anaamua kila kitu cha jikoni kwa hela aliyoombea ruhusa shilingi kwa shilingi.

Andikeni siku 30 bila kukosoana. Mwezi wa kwanza ni wa kutazama tu. Mkianza kuulizana "na hii elfu nne ya nini?" siku ya tatu, kuanzia siku ya nne daftari litaandikwa uongo.

Vitu vitatu hupotea kwenye daftari. Cha kwanza ni makato ya kutuma na kutoa hela kwenye simu: ni madogo kila moja, lakini yajumlisheni mwisho wa mwezi muone. Cha pili ni deni la dukani kwa Mangi, kwa sababu siku ya kuchukua sukari hakuna hela iliyotoka, na siku ya kulipa linaandikwa "duka" tu. Andikeni siku ya kuchukua. Cha tatu ni hela ya watoto ya asubuhi, ya andazi na nauli, ambayo kila mzazi anadhani ni yeye peke yake anayeitoa.

Wekeni mipaka miwili ya kiasi

Baada ya mwezi mna namba za kweli. Tuchukue nyumba ya watu watano, mume analeta 600,000 na mke 300,000 kwa mwezi. Mgawanyo unaoshikika kwao unaweza kuwa hivi: kodi 150,000, meza 300,000, umeme, maji na gesi 80,000, nauli 100,000, shule 60,000, akiba na dharura 100,000, ndugu na michango 50,000, na hela binafsi 60,000, yaani 30,000 kwa kila mmoja. Jumla 900,000.

Mpaka wa chini ni kiasi cha meza ya siku tatu, hapa 30,000. Chini ya hapo kila mmoja anunue kinachohitajika nyumbani bila kuuliza. Mpaka wa juu ni sehemu ya sita ya mapato ya mwezi, hapa 150,000. Katikati ya mipaka hiyo, kutaarifu kabla kunatosha: ujumbe mmoja, "nanunua ndoo mbili na beseni, 38,000". Mwenzako akinyamaza, nunua. Akiwa na neno, aliseme kabla ya saa kumi jioni, si usiku vyombo vikiwa vimeshafika. Kuanzia 150,000 kwenda juu mnakubaliana wote, na mnalala usiku saba kabla ya kulipa. Wiki hiyo huokoa hela nyingi kuliko kupatana bei, kwa sababu nusu ya hamu ya kununua hufa yenyewe ifikapo siku ya nne.

Ujanja wa kuupita mpaka unajulikana: kununua vipande. Kabati la 240,000 linalipwa kwa awamu ya 60,000 mara nne, na kila awamu iko chini ya mpaka wa juu. Kubalianeni tangu mwanzo kwamba kinachohesabiwa ni bei nzima ya kitu.

Hela binafsi, ile 30,000 ya kila mmoja, isiulizwe kabisa. Iwe sawa kwa wote wawili hata kama mmoja haleti mshahara, maana anayelea watoto na kupika naye ana nywele za kusuka, vocha na soda ya kumnunulia rafiki. Asipokuwa na hela yake ya halali, atapunja ya meza. Hapo mmefundishana kudanganyana.

Nani abebe bili ipi

Wapo wanaochanganya mapato yote, wapo wanaogawana bili. Njia zote mbili zinafanya kazi, ila kwenye kugawana bili kuna mtego ambao watu huuona wakiwa wameshaumia. Mume hubeba kodi na ada, mke hubeba meza, wakaona wako sawa. Kodi ni namba isiyosogea mwaka mzima. Meza inapanda kila msimu wa mvua unapoingia na mahindi ya wakulima yanapokwisha. Kufika Februari mke anaongeza kutoka mfukoni kimyakimya, na mwenzake anaona mambo yanaenda vizuri. Kama mnagawana bili, kila mmoja abebe namba moja inayosogea na moja iliyotulia, au pitieni upya mgawanyo kila miezi mitatu.

Kwa Waislamu jambo hili lina sura yake: nafaqa, yaani matunzo, ni juu ya mume, na mali ya mke ni ya mke hata akiwa na kipato kikubwa. Anachochangia ni hiari yake, na kiandikwe hivyo kwenye daftari, isije baada ya miaka mitano hiari ikageuzwa deni. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo, kifungu cha 63, inamwajibisha mume kumpa mkewe makazi, mavazi na chakula kulingana na uwezo wake.

Hela ya meza: acheni kuiacha kila asubuhi

Kuacha elfu kumi mezani kila siku ni mazoea ya mtu anayeingiza hela kila siku. Mwenye mshahara akifanya hivyo anamlazimisha mwenzake kununua kwa kipimo: mafuta ya kupima, sukari robo, mkaa wa kopo, nyanya za mafungu. Kila kipimo kina faida ya muuzaji ndani yake. Fanyeni hesabu kwa daftari lenu wenyewe: jumlisheni mafuta yote ya kupima ya mwezi, kisha ulizeni bei ya dumu la lita 5. Fanyeni hivyohivyo kwa mkaa wa kopo dhidi ya gunia.

Hela ya meza itoke mara mbili kwa mwezi. Sehemu ya kwanza, kama theluthi mbili, itoke siku ya mshahara na iende moja kwa moja kwenye vikavu: unga, mchele, maharage, mafuta, sukari, chumvi, sabuni. Sehemu ya pili igawanywe kwa wiki kwa ajili ya mboga, nyanya, vitunguu, maziwa, dagaa na nyama. Nyanya na viazi nunueni kwa sado au ndoo kwenye soko la Majengo au la Sabasaba asubuhi, mgawane na jirani kama ni nyingi. Kwenye joto la Oktoba na Novemba nyanya zilizoiva hazimalizi siku nne nje ya jokofu, kwa hiyo chagueni nusu zilizoiva na nusu zenye ubichi.

Anayeenda sokoni ndiye anayeamua soko, siku na muuzaji. Mwenzake asimpigie simu kumwambia kwamba kazini kwake mtu amenunua kwa bei nafuu. Kama ana uhakika, Jumamosi inayofuata aende yeye na kikapu.

Mahindi ya mwaka, ununuzi mkubwa ambao watu hawauhesabu

Watu wakisikia "ununuzi mkubwa" huwaza TV. Kwa nyumba nyingi za Dodoma, chakula cha nafaka cha mwaka mzima kinazidi bei ya TV, ila kwa kuwa kinanunuliwa kilo tano tano hakionekani. Kanda hii ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Mavuno yanaanza Mei, nafaka inajaa sokoni kati ya Juni na Agosti, na kufikia Januari hadi Machi iliyobaki ni ghali. Mkinunua gunia Julai na jirani akinunua unga wa kilo Februari, mmekula chakula kilekile kwa hela tofauti.

Hesabu yake ni hii. Watu watano wanaokula ugali mara moja kwa siku na uji asubuhi hutumia karibu kilo moja na nusu ya unga, sawa na kilo 45 kwa mwezi. Kutoka Julai hadi Aprili ni miezi kumi, kilo 450. Mkila dona, magunia 5 ya kilo 100 yanatosha na kubaki kidogo. Mkila sembe, kukoboa kunaondoa kama robo ya uzito, kwa hiyo mnahitaji magunia 6. Wenye kula ugali wa uwele au mtama wafanye hesabu ileile, wapunguze mahindi.

Hapa kanuni yetu inafanya kazi vizuri. Anayepika aseme dona au sembe, na aende mwenyewe kuyaona mahindi. Anayetoa hela aseme Julai au Agosti. Hela ianze kutengwa Februari. Na kama mmoja yuko kwenye kikoba, tafuteni kinachovunjwa Juni badala ya Desemba. Gawio la Desemba huishia kwenye sikukuu na ada, la Juni hukuta mahindi sokoni.

Sokoni Kibaigwa, au kwa mkulima mwenyewe, nunueni kwa kilo zilizopimwa kwenye mzani, si kwa gunia la macho. Lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, inaonekana kama faida kwa mnunuzi, ila ninyi mnalinganisha bei za wauzaji wawili, na bila mzani hamjui mnalinganisha nini. Debe moja lina takriban kilo 16 hadi 17. Magunia sita ya debe sita sita yasipokaribia kilo 600, ulizeni.

Pimeni ukavu kwa chumvi. Chukueni chupa ya kioo iliyokauka kabisa, jazeni mahindi theluthi, wekeni vijiko viwili vya chumvi kavu, fungeni, tikiseni dakika mbili tatu, kisha iacheni kama dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji: yaanikwe juu ya turubai, siyo juu ya udongo, kabla ya kufungwa. Hili si la mzaha. Sumukuvu inatokana na ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga zenye unyevu, haiondoki kwa kupikwa, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zenye ukungu ziondolewe kwa mkono kabla ya kusaga. Karanga zilizosinyaa au chungu zitupwe. Kuku wasipewe pia.

Kwa kuhifadhi, mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa inazuia dumuzi bila dawa. Fungeni kila tabaka peke yake kwa kukunja na kukaza kamba. Wekeni juu ya chaga, mbali na ukuta, na mzibe matundu ya panya chumbani kwanza, kwa sababu tundu moja la panya kwenye mfuko linairudisha hewa na wadudu wanaendelea kula. Mfuko usifunguliwe kila siku: toeni debe mbili za kusaga, fungeni tena siku hiyohiyo.

Mafuta ya alizeti yafuate msimu huohuo. Dumu la lita 20 linatosha familia hii kama miezi minne. Ya mashine ndogo huwa na mashapo, yaacheni yatulie siku kadhaa na mmimine ya juu kwenye chombo kingine. Yakae gizani, yakipigwa na jua hunuka na kuchacha kabla hamjafika nusu.

Vitu vizito: jokofu, tangi, kochi

Kabla ya wiki ya kulala juu ya jambo, jibuni maswali matatu kwa maandishi. Nani atakitumia mara nyingi? Kitakula kiasi gani kila mwezi baada ya kununuliwa? Kitakaa wapi, na je, kinapita mlangoni? Hili la mlango linachekesha mpaka kochi la pembe linapobaki kibarazani.

Tangi la maji ni mfano mzuri, kwa sababu Dodoma maji ya bomba huja kwa mgao sehemu nyingi na anayebeba ndoo ndiye anayejua makali yake. Mtu mmoja akitumia lita 40 kwa siku, watu watano wanatumia 200. Tangi la lita 1,000 ni siku tano, la 2,000 ni siku kumi. Hesabuni maji yenu hukatika siku ngapi mfululizo, mchague kwa hiyo namba. Kisha jengeni mnara kwanza. Lita 2,000 ni tani mbili. Mnara wa milunda uliojengwa kwa hela iliyobaki baada ya kununua tangi ndio unaoanguka. Bei ya tangi, mnara, mabomba na fundi iwekwe pamoja kabla ya kuulizana kama mnaiweza. Maji ya visima hapa yana chumvi nyingi, kwa hiyo kwenye birika la umeme au hita, hesabuni kusafisha ukoga au kubadilisha mapema.

Kitu chochote chenye waranti kiwe na risiti ya EFD, na mjue wote iko wapi.

Kiwanja na nyumba

Hapa mazungumzo ya mdomo hayatoshi. Mkinunua kiwanja, majina yenu yote mawili yaandikwe kwenye mkataba wa mauziano na baadaye kwenye hati. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 60, inachukulia mali iliyo kwa jina la mmoja kuwa ni yake mpaka ithibitishwe vinginevyo, na iliyo kwa majina ya wote kuwa ya wote kwa usawa. Kifungu cha 59 kinazuia mwanandoa kuuza, kugawa, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Na tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu mwaka 1983, kazi za nyumbani zinahesabika kuwa mchango katika mali ya ndoa. Kwa hiyo yule asiyeleta mshahara asiambiwe kiwanja "si chako".

Aina ya kiwanja ichaguliwe na wote, na wote mfike kwenye eneo, angalau mara moja wakati wa mvua. Makorongo ya Dodoma hukauka sehemu kubwa ya mwaka, na dalali hukupeleka kipindi hicho.

Mikopo na michango

Mikopo haina mpaka wa chini. Hata wa elfu ishirini wa kwenye simu utajwe siku hiyohiyo. Mikopo ya kausha damu hulipwa kila siku au kila wiki, na rejesho linatoka kwenye hela ya meza kabla mwenzako hajajua kuna deni. Vyombo na jokofu ndivyo huandikwa dhamana, kwa hiyo aliyeweka saini mmoja, waliopoteza ni wawili. Deni likishafichuka, wiki ya kwanza ni ya kulihesabu lote na kupanga malipo; lawama zitapata nafasi yake baadaye.

Michango ya harusi, misiba na ndugu iwe na fungu lake, na upimaji wake uwe wa mwaka, siyo wa tukio. Ukweni wakipata msiba Machi na kwenu hakuna, Machi itaonekana ya upendeleo. Desemba mtaona imelingana au la. Jibu la kwanza kwa kila kadi ni "tutakujibu kesho". Kila mmoja ndiye anayewajibu ndugu zake mwenyewe. Mke asitumwe kumwambia wifi kwamba hela haipo.

Mmoja yupo Dodoma, mwingine Dar es Salaam

Tangu serikali ilipohamia, ndoa nyingi zina nyumba mbili. Fungu la meza ligawanywe mapema kwa kila nyumba, na mipaka ya 30,000 na 150,000 ibaki ileile pande zote. Kwa kitu cha kati, tumeni picha na bei kabla ya kulipa. Nauli ya kuonana iandikwe kama bili ya kudumu, sawa na kodi. Ikiachwa kwenye "tukipata", ndiyo ya kwanza kukatwa. Msinunue vitu viwiliviwili kwa pupa, jokofu huku na jokofu kule, kabla ya kujua nani atamfuata nani.

Kwa wanaoishi kwa mavuno

Mwenye alizeti au zabibu hapati mshahara tarehe 25, anapata mzigo wa hela mara moja au mbili kwa mwaka. Kikao chenu kiwe shambani kabla ya kuuza: hesabuni magunia ya kula, ya mbegu, ya kuuza, na ya kuuza yapangiwe kazi kwa majina. Mnunuzi akija, kila gunia liwe na mwenyewe. Mauzo yafanyike mchana, wote mkiwepo, na hela iende kwenye simu au benki kabla ya kupitia kilabuni.

Kikao, na pale mnapokwama

Kaeni siku mbili tatu kabla ya mshahara, dakika 45, watoto wakiwa wamelala, daftari na simu mezani. Pitieni yaliyozidi, yanayokuja mwezi ujao, na kitu kimoja kikubwa tu. Vikubwa viwili kwa usiku mmoja hugeuka kubadilishana: "nikubalie pikipiki nikukubalie kabati", na mnaishia na vyote viwili.

Mkishindwa kukubaliana, hakuna kununua, na suala linarudi kikao kijacho. Likirudi mara ya tatu, mtumiaji aandike atakachoacha ili kitu kiingie: king'amuzi miezi minne, nguo za sikukuu, safari moja ya kijijini. Akikosa cha kuacha, kifuteni kwenye orodha. Bomba lililopasuka, ugonjwa na paa lililoezuliwa na upepo havisubiri kikao: aliyepo nyumbani aamue na kulipa kutoka kwenye fungu la dharura, na amtaarifu mwenzake jioni.

Mipaka yenyewe ipitieni kila Julai, mahindi yakishaingia ndani, kwa kuangalia meza ya siku tatu inagharimu kiasi gani kwa bei za mwaka huo.